Nyota, Saba, Mbili, Reli

Nikiwaita, mniitikie. Ila ngojeni kwanza: huku kwetu kuitika kuna utaratibu wake, na sitaki kumponza mtu.

Natoka katika nchi ambayo kwa sasa haina jina. Tulikuwa nalo, zuri tu, likapelekwa kwenye kamati lifanyiwe marekebisho madogo, na kamati haijarudi. Tunaendelea vizuri. Tuna bendera, tuna wizara arobaini na moja, na tuna Mwitaji Mkuu, ambaye ndiye kiongozi wetu wa juu kabisa.

Cheo chake kinatokana na adabu zetu. Kwetu mtoto hufundishwa kuitika kabla hajafundishwa kunawa. Ukimwita mwanamume aseme "Naam," ukimwita mwanamke aseme "Abee," na asiyeitika hana malezi, na anayesemwa ni mama yake. Sasa wale walioandika Katiba walikaa wakafikiri sana. Wakaona kwamba anayeitika ni mdogo wa anayeita. Na serikali si ndogo ya mtu. Kwa hiyo ibara ya kwanza, ambayo nadhani ndiyo pekee iliyosalia, inasema: Serikali huita, haiitwi. Mimi naiona ni sawa kabisa. Ni nani mimi hata niione vingine?

Mimi ni Karani wa Mihuri katika Wizara ya Maji, Maafa na Mapokezi. Wananiita Bwana Mhuri, nami huitika upesi. Nina mhuri mmoja wa maana, umeandikwa IMEPOKELEWA. Barua isiyo na mhuri huo haijafika, hata kama umeishika mkononi unaisoma. Na simu ni hivyo hivyo. Inaandikwa kwenye karatasi, nani kapiga, saa ngapi, kaambiwa nini, halafu naigonga mhuri, na hapo ndipo inakuwa simu. Bila hivyo ni kelele.

Wa kupokea simu zenyewe alikuwa Bi Tatu Mrisho. Miaka ishirini na mbili mama huyu amekaa chumba namba tisa mbele ya swichibodi, ile meza yenye vitufe na vitaa na mkonga. Nyuma yake kuna kabati la chuma la rangi ya matope, ambalo ndilo mtambo. Ni mtambo wa zamani, ulifungwa enzi za Mwitaji wa kwanza, una joto, na paka wa wizara wamezalia juu yake vizazi vinne. Mafundi walioujua wamestaafu wote, wengine hata matanga yao tumeshakaa. Aliyebaki anayeujua ni Bi Tatu. Kitabu cha mtambo kilikuja kwa lugha ya watu, naye akakigeuza kwa mkono wake kwenye daftari la mistari, kwa maneno yale yale tunayosema sisi sote tukibonyeza simu zetu, nyota na reli, ili atakayemrithi asisumbuke. Hilo daftari mlikumbuke.

Simu ikilia mlio wa kwanza, Bi Tatu anameza chai. Wa pili anavuta mkonga. Wa tatu anapokea: "Wizara ya Maji, Tatu hapa." Wageni walidhani anahesabu milio.

Na kila siku, saa mbili kamili asubuhi, alipiga Kibwana Mndeme, mlinzi wa lango la Bwawa la Heshima kule milimani. Chini ya bwawa kuna Mabondeni, kaya elfu moja na mia nane, na watoto ambao idadi yao haijulikani kwa kuwa sensa nayo iko kwenye kamati. Kibwana anasoma kina cha maji, Bi Tatu anamuunganisha na Mkurugenzi, Mkurugenzi anasema "Fungua" au "Usifungue," mimi nagonga mhuri. Sheria ndiyo hiyo. Lango halifunguliwi ila kwa neno kutoka juu. Mlinzi aliyemtangulia Kibwana alifungua kwa akili zake mwaka ule wa mafuriko. Mabondeni wakapona wote, hata kuku. Yeye akafungwa miaka saba kwa kosa la kuwa na akili zake saa za kazi. Kibwana anajua, kwa sababu ndiye aliyekuwa anampelekea uji gerezani.

Bi Tatu na Kibwana walikuwa hawajaonana hata siku moja. Miaka kumi na tisa ni sauti tu. "Umeamkaje, dada Tatu?" "Salama, kaka Kibwana. Mguu wa wifi?" "Leo kaukanyagia." Halafu ndipo maji. Nilikuwa nawasikia kila asubuhi nikingojea karatasi yangu, na nikiri kwamba nilikuwa napenda kuwasikia.

* * *

Sasa, Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Injinia Kipaza, alisafiri kwenda ng'ambo kujifunza mapokezi. Huko begi lake likapotea. Akapiga simu ofisi ya mabegi, akajibiwa na mashine. Mashine ikampigia muziki, ikamsifu, ikamshukuru, saa nzima, na begi hakupata. Mtu mwingine angetukana. Waziri wetu alitokwa na machozi ya furaha. Alirudi nchini bila begi, lakini ana maono.

Tukaitwa ukumbini.

"Ndugu wafanyakazi!" akasema. "Zama za serikali kupokea simu zimekwisha! Kuanzia leo serikali itajibu bila kupokea! Narudia, itajibu, bila, kupokea! Mwananchi atapiga, atajibiwa, atashukuru, atakata. Hakuna atakayezungushwa tena, kwa sababu hakutakuwa na mtu wa kumzungusha!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mengi kuliko wenzangu kwa kuwa nilikuwa nimekaa mbele.

Akatuonyesha kaseti. Alikuwa amejirekodi upande mzima, nusu saa. Inaanza, "Ndugu mwananchi mpendwa, umefanya vema kupiga," inapita katika shule zote alizosoma, inaeleza habari za begi, na kumalizikia, "Serikali yako imekusikia. Kwaheri." Halafu inajirudia.

Bi Tatu akanyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa. Na Kibwana?"

"Kibwana ndiye nani?"

"Wa lango la bwawa. Hupiga saa mbili kuchukua neno."

"Basi atachukua maneno elfu nne badala ya moja," akasema Waziri, na ukumbi ukacheka kwa mujibu wa ratiba. "Mama, wewe kazi yako ni kuuweka mtambo ujibu wenyewe. Uweke leo."

"Siweki."

Jamani! Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa mle ndani. Katibu wa kikao aliniinamia akaniuliza linaandikwaje.

"Unasemaje wewe?"

"Nasema siweki, Mheshimiwa. Mtambo unaweza, mimi ndiyo siwezi. Mtu anapiga hapa maji yamemfika shingoni, halafu aongee na kaseti? Kama mnataka kuweka, daftari lipo mezani kwangu. Someni."

Akakaa. Mimi niliangalia viatu vyangu, maana vilikuwa vimechafuka kidogo.

* * *

Ikaundwa Kamati ya Kujibu. Wajumbe kumi na wanne, mimi nikiwa na mhuri. Tukafungua daftari ukurasa wa sita, na mwandiko wa Bi Tatu ukasema hivi: *Kuweka mtambo ujibu wenyewe. Bonyeza nyota, halafu saba, halafu mbili, halafu reli. Utasikia mlio mfupi.*

Wewe unayesoma umeshaelewa, na kidole kinakuwasha. Lakini wakubwa wetu tangu waapishwe hawajabonyeza simu kwa vidole vyao. Hubonyezewa. Tulikaa siku mbili juu ya sentensi ile. Siku ya tatu mwanasheria wa wizara akasimama akasema nyota inayotajwa haiwezi kuwa ya mbinguni, kwa kuwa haifikiki, na sheria haiamuru lisilowezekana. Kwa hiyo ni nyota ya jeshini.

Akaletwa Brigedia Mtutura, mwenye nyota moja begani, imesuguliwa mpaka unajiona. Swali likawa: nani ambonyeze? Kura ikamwangukia Mkurugenzi wetu wa Maji, ambaye aliomba kwanza dakika tano apige simu nyumbani, yaani apigiwe.

"Samahani, afande," akasema, akabonyeza nyota.

"Endelea," akasema Brigedia, anaangalia ukutani.

Akabonyeza mara saba. Akapumzika. Akabonyeza mara mbili. Brigedia alivumilia kwa ajili ya taifa, ingawa mashavu yalimcheza.

Ikabaki reli. Tukaingia kwenye magari tisa, king'ora mbele, mpaka stesheni, ambako treni haijapita mwaka wa sita huu na wanawake wameanika mihogo juu ya mataruma. Mkurugenzi akapiga magoti akabonyeza reli kwa dole gumba. Tukasubiri ule mlio mfupi. Tulisubiri juani kuanzia saa sita. Saa tisa mbuzi wa mtu akalia, *mee*, mara moja. Wajumbe wakatazamana. Mlio ulikuwa mfupi kweli. Wakaandika: Zoezi limefanikiwa. Nikagonga mhuri, ndiyo kazi yangu.

Tuliporudi wizarani simu ililia. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Wizara ya Maji, Tatu hapa."

Waziri alisema hii ni hujuma. Bi Tatu akahamishiwa Idara ya Maua, akamwagilie yale ya getini. Mtambo ukamaliziwa na dereva wa Waziri, kijana wa vitendo. Alichomeka kaseti, akakandamiza kitufe cha kupokea, akakibana na njiti ya kiberiti kisirudi juu. Basi. Kuanzia hapo kila aliyepiga alijibiwa mlio wa kwanza, na Waziri akasema huo ndio uhandisi. Chumba namba tisa kikafungwa. Ufunguo nikapewa mimi, kwa sababu kwenye orodha ya vifaa ufunguo na mhuri viko ukurasa mmoja.

* * *

Mvua ikaanza Jumanne.

Jumatano saa mbili nilikuwa napita mbele ya chumba namba tisa nikasikia watu wawili wanaongea ndani. Nikasimama. Mmoja alikuwa Waziri, wa kwenye kaseti, amefika shule ya sekondari. Wa pili alikuwa anatoka kwenye spika ya swichibodi.

"Haloo? Haloo, dada Tatu? Maji mita tisa na nusu."

"...ambako nilikuwa kiranja wa bweni..."

"Haloo? Samahani mzee, naomba Mkurugenzi. Tisa na nusu, na mvua haijakatika."

"...na hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza..."

Nikaenda kwa Mkurugenzi. Nikamwambia mlinzi wa lango amepiga.

"Amejibiwa?"

"Amejibiwa."

"Na nani?"

"Na Mheshimiwa Waziri, kwa namna ya kusema."

"Sasa unataka mimi nijibu juu ya Waziri? Bwana Mhuri, una watoto wewe?"

Ninao. Nikarudi mezani kwangu nikapanga mihuri kwa urefu.

Kibwana alipiga kila nusu saa, kila kaseti ilipojirudia. Alhamisi asubuhi alikuwa amefika mita kumi na moja. Alikuwa ameshaacha kusema haloo. Alikuwa anasema namba tu, halafu anasikiliza, labda safari hii mzee atamalizia na neno. Na kaseti ilikuwa inamalizia vile vile, serikali yako imekusikia, kwaheri. Ukuta wa bwawa ni mita kumi na mbili. Najua kwa sababu niliipiga mhuri ile ramani. Ninajua mambo mengi kwa namna hiyo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia hawakumsema, sijui waliogopa nini.

Niseme ukweli, niliona aibu. Saa nne nilichukua mwavuli nikaenda getini.

Bi Tatu alikuwa anamwagilia maua. Mvua inanyesha, yeye ameshika kopo la maji, kanga imelowa chapachapa, na msimamizi wa Idara ya Maua amekaa kwenye kibanda anahakikisha. Ratiba ni ratiba.

"Mita kumi na moja, Bi Tatu," nikamwambia.

Aliweka kopo chini. "Anapiga?"

"Kila nusu saa. Ufunguo huu hapa. Njoo umwambie afungue, atakuamini wewe."

"Ataniamini, ndiyo. Atafungua. Halafu kesho watamuuliza, neno ulipewa na nani? Aseme, na mmwagilia maua? Miaka saba hiyo, mdogo wangu. Mwenzake katoka mle hana jino. Mimi simpi Kibwana neno ambalo haliwezi kumlinda."

"Mkurugenzi hataki. Waziri ndiye kaseti."

"Yuko mmoja ambaye akisema hakuna wa kumfunga."

Nilimwelewa. Kutoka kwenye mtambo wetu kuna waya unakwenda Ikulu, namba ya ndani mia moja. Uliwekwa ili Mwitaji Mkuu atuite sisi. Haijatokea mtu kumpigia yeye.

"Bi Tatu, ule waya ni wa kutuitia. Hauendi kule, unakuja huku."

"Nani kakudanganya?" akasema, akafuta mikono kwenye kanga. "Waya hauna kwenda wala kuja. Waya ni waya. Lete ufunguo."

Msimamizi wa maua akapiga kelele kutoka kibandani, "Wewe mama! Maua je?"

"Yanywe mvua!"

* * *

Chumba namba tisa kilikuwa kinanuka paka. Bi Tatu akaivuta njiti ya kiberiti kwa kucha zake mbili, na Waziri akanyamaza katikati ya begi. Raha iliyoje! Halafu akakaa kwenye kiti chake, akaniambia, "Angalia vidole, maana sisemi mara mbili."

Nyota. Saba. Mbili. Moja, sifuri, sifuri. Reli. Mtambo ukatoa mlio mfupi, mlio wa kweli, haukuwa wa mbuzi.

"Ukitia namba katikati, mtambo haujibu, unapeleka. Sasa, simu yoyote ikilia hapa milio mitatu isipopokewa, inakwenda mia moja," akasema. "Usiiguse ikilia. Kaa na karatasi yako."

Saa nne na nusu ikalia. Mlio wa kwanza mkono wake ulinyanyuka wenyewe, akaukalia. Mlio wa pili. Nimewahi kuoa, nimewahi kuzika, lakini sijawahi kusikia milio mirefu kama ile. Wa tatu. Kitaa cha mia moja kikawaka.

Mpishi wa Ikulu alinisimulia baadaye kilichotokea upande ule. Simu nyekundu ilipolia walinzi walidhani ni king'ora cha hatari wakalala kifudifudi, na mawaziri wawili waliokuwa wakisubiri kuitwa wakalala juu yao. Aliyebaki amesimama alikuwa Mwitaji Mkuu peke yake. Simu inalia, na yeye naye ana mama aliyemlea. Akanyanyua.

"Naam?"

Tukaisikia kwenye spika yetu, na Bi Tatu akaniminya mkono.

"Haloo! Nani mwenzangu?" Sauti ya Kibwana ilikuwa imekauka.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Tukasikia mtu anakohoa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. "Mwitaji Mkuu wa Taifa."

"Ndugu yangu, usinitanie, mimi nina maji hapa."

"Ni mimi kweli."

Kibwana akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kibwana hapa, mzee, wa lango la bwawa. Maji yako kumi na mbili kasoro robo. Yakifika kumi na mbili yanapita juu na ukuta hautasimama. Nifungue, nisifungue?"

"Muulize Waziri."

"Waziri nimemsikiliza tangu jana. Begi lake limepotea, nampa pole. Nifungue, nisifungue?"

"Hili ni jambo la kitaalamu. Iundwe kamati ya..."

"Mzee, hapa nilipo nimesimama majini. Kule chini nauona moshi, watu wanapika. Mimi nataka neno moja tu. Lolote. Nifungue, nisifungue?"

Ikasikika mvua tupu kwenye waya. Nikafikiri amekata. Ndipo Bi Tatu akainama kwenye mkonga.

"Mzee, Tatu hapa, wa swichibodi. Kukaa kimya nako tunakuandika. Karani yuko hapa na mhuri."

Na kweli nilikuwa nao, nimeushika kwa mikono miwili. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimesema ndiyo hata nisipoulizwa, nikajisikia nasema kwa sauti, "Nipo. Nimeandika saa nne na dakika thelathini na nne."

"Fungua," akasema Mwitaji Mkuu.

"Mvua, mzee, sijasikia!"

"Fungua! Nasema fungua!"

Nikagonga. IMEPOKELEWA. Niligonga mpaka paka akaruka kutoka juu ya mtambo. Kutoka kwenye spika tukasikia mkonga umewekwa juu ya meza, hatua za mtu anayekimbia majini, na halafu chuma kinazungushwa, kinalia, kinazungushwa. Bi Tatu alikuwa anafuta macho kwa kanga ambayo yenyewe imelowa.

Maji yalishuka kwa mfereji wake. Mabondeni walipoteza mpunga wa majaruba ya chini na choo kimoja cha shule. Watu, hakuna.

* * *

Kesho yake Waziri alitangaza kwamba kaseti yake imeokoa maisha. Nikagonga mhuri.

Tatizo lilikuwa jingine. Hakuna aliyeruhusiwa kupokea simu za wizara, amri ilikuwa bado ipo, na kaseti ilikuwa haijibu tena. Kwa hiyo kila simu ililia milio mitatu ikaenda Ikulu. Akapiga mwalimu kuulizia choo cha shule. Akapiga mama mmoja, kisima chao kimeingia chura. Akapiga mlevi, kakosea namba, akazungumza na Mwitaji Mkuu dakika arobaini kuhusu shemeji yake. Habari zikaenea: ukipiga, anapokea mtu! Ikulu nzima ikawa haifanyi kitu ila kusikia naam, naam, naam.

Bi Tatu akaitwa mbele ya Waziri, Mkurugenzi, mwanasheria na Brigedia. Mimi nilikuwepo na mhuri. Kosa lilisomwa: kumwitikisha Mwitaji.

"Uondoe ulichokiweka," akasema Waziri. "Sasa hivi."

"Siondoi."

Safari hii katibu alijua linaandikwaje.

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, Mheshimiwa. Nimekuunganishia simu miaka minne. Sauti yako naijua kuliko mkeo. Najua na zile ulizosema hupo na ulikuwepo." Waziri akanywa maji. "Ukitaka kuondoa, daftari lipo. Ukurasa wa saba. Inaanza na nyota."

Wote wakamgeukia Brigedia. Brigedia akafunika bega kwa kofia akarudi nyuma mpaka ukutani. "Thubutu!" akasema. "Safari hii anibonyeze mtu!"

"Basi ukatwe waya!" akapiga kelele Mkurugenzi.

Hapo mwanasheria akashika kichwa. Waya ukikatwa, akasema, Mwitaji Mkuu hataweza kuita. Na Mwitaji asiyeweza kuita, kwa mujibu wa Katiba, ni nani? Hakuna aliyetaka kulimalizia lile swali. Waya ukabaki.

Wakamfukuza Bi Tatu. Barua ya kufukuzwa niliipiga mhuri mwenyewe, na mwenyewe nikambebea kapu mpaka getini, mbele ya madirisha yote ya wizara, polepole. Nilimuuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda milimani kuuona huo mguu wa wifi yake.

Tangu hapo wananiuliza mimi. Kila siku. Bwana Mhuri, ulikuwa mle chumbani, uliona vidole vyake, hujui namna ya kuondoa? Mimi? Jamani, mimi ni karani wa mihuri tu. Sijui nyota, sijui reli. Saba na mbili nazijua kwa kuhesabia watoto. Wamenihamishia chumba namba tisa nikilinde, nisiguse chochote, na mimi ni mtu wa kutii.

Leo saa mbili kamili simu imelia. Mlio wa kwanza, nikameza chai. Wa pili, nikatia mikono mfukoni. Wa tatu, kitaa cha mia moja kikawaka, na kwenye spika nikamsikia, amechoka, lakini sasa anapokea upesi:

"Naam?"

"Haloo, habari za asubuhi," ikasema sauti ya mwanamke, na nyuma yake maji yanatiririka. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?" akauliza Bi Tatu.